Alimentation ya Mbili

Jumamosi, saa saba na robo mchana, Inspekta Kulthumu Abedi alisimama katikati ya duka lililopinduliwa juu chini, akajua hakuna kitu. Magunia ya sukari yalikuwa yamepasuliwa. Makopo ya maziwa yamefunguliwa moja moja, mchele umemwagwa sakafuni ukachanganyika na chumvi. Askari wake wawili, weupe kwa unga kuanzia kope hadi viatu, walimtazama wakingoja aseme neno.

Mwenye duka, Maman Joviale, alikuwa ameketi juu ya kasha la bia mlangoni, mikono kifuani.

"Kuko mayai bado hamuyapasua, maman inspecteur," alisema. "Muyapasue tu. Labda or, dhahabu yenu, iko mule."

Steve, askari mkubwa kati ya wale wawili, akanyoosha mkono kuelekea kwenye mayai. Kulthumu akamkata jicho, mkono ukarudi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Alhamisi saa tatu asubuhi, ndani ya comptoir moja ya kununua dhahabu pale Nyawera, vipande vitatu vya dhahabu vya wachimbaji wa Shabunda viliwekwa mezani vipimwe. Saa tatu umeme wa mji ukakatika, kama unavyokatika kila Alhamisi mtaani kule. Hata watoto wanajua. Kanuni ya comptoir inasema umeme ukienda, wote watoke kwenye chumba cha mizani, mlango ufungwe, wangoje koridoni mpaka jenereta iwake. Jenereta iliwaka baada ya dakika kumi na nne. Kamera zilikuwa zimezimika muda wote huo. Mlango ulipofunguliwa, meza ilikuwa tupu.

Hakuna aliyetoka pale bila kupekuliwa hadi soksi. Jengo zima likasakwa. Hakuna.

Chumba cha mizani kina mlango wa pili, nao unaingia chumba cha mashine za kompyuta. Ufunguo wa chumba hicho walikuwa nao watu wawili tu. Mmoja ni Xavier, mkuu wa vifaa, ambaye dakika zile kumi na nne alikuwa chini uani akihangaika na jenereta. Bruno, mlinzi, alikuwa naye na alimshuhudia. Wa pili ni Ulrich, fundi wa kompyuta.

Ijumaa, Bruno huyohuyo alikamatwa Kavumu, kwenye kiwanja cha ndege, ana tiketi mfukoni na hana hata mfuko wa plastiki mkononi. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwa namba isiyo na jina: *Kitu iko mu alimentation ya mbili. Ungojee tu.* Bruno alipoulizwa maana yake alifunga mdomo, na hadi leo hajaufungua.

Kulthumu hakuhitaji kuelezwa. Alizaliwa Uvira, akakulia ndani ya alimentation, duka la vyakula, ya baba yake, akajifunza kuhesabu kwa mawe ya mizani na kusoma kwa maandishi ya makopo ya nyanya. Akaagiza waulizwe wafanyakazi wote wa comptoir: nani ana ndugu mwenye maduka mawili? Jibu lilikuja chini ya saa moja. Ulrich. Dada yake Joviale ana moja Nyawera, na alimentation ya mbili ni hii ya Kadutu. Jioni ileile Ulrich akawekwa ndani.

Na leo saa kumi, gari la parquet, ofisi ya mashtaka, lingempeleka gereza kuu. Karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi. Anayeingia kule kwa kesi ya dhahabu anaweza kukaa miaka miwili kabla hakimu hajalisoma jina lake, na Kulthumu alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote dukani mle.

"Maman Joviale," alisema, sauti imeshuka, "siku ya nne, ile Alhamisi, courant ilipoenda, Ulrich alikuwa wapi?"

"Ku kazi. Hapa frigo yangu ilizimika, nikauzisha samaki kwa bei ya bure. Nikamupigia Ulrich, nikamuambia we uko na bahati, kwenu machine haizimake. Anaringaka nayo sana, ile machine yake. Anasemaka courant inaweza enda siku nzima, yenyewe inakuangalia tu."

Kulthumu alikuwa ameshainua mguu kuvuka kizingiti. Akaurudisha.

"Alisema haizimake?"

"Mara mia. Tulichoka kusikia."

*

Cachot, mahabusu ya kituo, ina mlango wa chuma wenye kidirisha kidogo kama cha kukatia tiketi. Ulrich alileta uso wake pale, uso tu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, macho mekundu, shati limekwama shingoni.

"Nieleze juu ya machine yenye inashikaka kamera," alisema Kulthumu.

Ulrich alimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa vizuri kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ni switch, maman. Hapana ile ya kuwashia ampoule, taa ya nyumba. Ni boîte ya chuma, ya kufunga ku ukuta, kamba zote za kamera na za kompyuta zinakutana mule. Yenyewe njo inapatia kamera courant na njia. Yenyewe ikikufa, kamera zote zinakufa."

"Na courant ya muji ikienda?"

"Haikufe! Iko na pawa saplai mbili mu tumbo. Ya kushoto inakula courant ya muji, ya kuume inakula ku batterie. Moya ikilala, ingine inaendelea, hata hautajua. Ni juu ya ile patron, mukubwa yetu, aliinunua."

"Siku ya nne ilizimika."

"Njo ile nilikuwa nataka kuwaambia."

Kulthumu aliacha hilo lipite. Lilimchoma, lakini muda haukuwa wa kuchomwa. Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa nane.

"Hiyo pawa saplai ni kitu gani?"

"Ni sanduku ndogo ndani ya boîte, ya kupatia machine courant. Nilisomea Kampala, kule ni vile banaitaka." Ulrich akasogeza uso karibu zaidi. "Maman, kila moya iko na ventilateur yake, feni ya kuipoza, juu inapata moto sana. Ukiweka mukono nyuma, pande mbili zote inapashwa kupumua. Siku ya tatu, Jumatano asubuhi, niliweka mukono. Kushoto inapumua. Kuume, kimya. Na taa yake ni ya kijani! Taa inasema niko muzima, na haipumue. Nikaona hii haiko sawa. Nikaandika mu cahier, nikaomba ruhusa niifungue."

"Ulimuomba nani?"

"Papa Xavier. Alisema ningojee."

Kulthumu alikuwa ameshageuka. Nyuma yake Ulrich aliita, "Maman, usizime kitu kabla ya kuweka mukono!" naye akainua kidole juu bila kugeuka, kuonyesha kwamba amesikia.

*

Papa Didier, mkurugenzi wa comptoir, aliwapokea mlangoni, Kulthumu na askari wake wawili, akiwa amekunja uso. Wachimbaji wa Shabunda walikuwa wameketi kwenye ngazi zake tangu juzi, kimya, viatu vya mpira miguuni, na kimya chao kilikuwa kimemnyima usingizi.

"Maman inspecteur, mulinitolea muizi, sasa munitolee or."

"Nipeleke ku chumba ya machine kwanza."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Joto lilimpiga Kulthumu usoni. Xavier, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochongwa vizuri, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma, tournevis, bisibisi, mkononi. Skrubu mbili zilikuwa zimeshatoka. Kando yake kulikuwa na katoni tupu yenye gundi mpya pembeni, na juu ya katoni karatasi ya ruhusa ya kutoa mzigo, yenye muhuri.

Kulthumu alisoma karatasi kabla ya kusalimia. Kifaa kibovu, kinapelekwa kwa fundi Goma. Boti ya saa tisa. Mbebaji: Xavier mwenyewe.

"Papa Xavier. Jumamosi na kazi?"

"Tutafanya je, maman? Ulrich iko kwenu. Machine imeharibika, mimi njo nabeba muzigo yote."

"Imeharibika nini?"

"Ni alimentation ya mbili," alisema Xavier, akiendelea kufungua skrubu ya tatu. "Njo iko na panne."

Kulthumu alishusha macho. Kwenye mikono ya shati lake bado kulikuwa na unga na sukari ya Maman Joviale. Magunia yote yale, makopo yote yale. Tangu jana. Alijiona mjinga, mjinga hasa, na akamshukuru Mungu kwamba uso wake haukuwa na desturi ya kusema.

"Alimentation?" aliuliza polepole, kama mwanamke asiyejua kitu. "Sawa ile ya kuuzisha mukate?"

Xavier akacheka. Hata Papa Didier akacheka kidogo.

"Hapana, maman! Ku école technique, alimentation ni ile inapatia machine courant. Iko mbili mule ndani. Ya mbili njo ilikufa."

"Ya mbili ni gani?"

"Ya kuume."

Kulthumu aliinama. Mbele ya sanduku la chuma kulikuwa na taa mbili ndogo, kubwa kama punje za mtama. Ya kushoto ilikuwa ya kijani. Ya kuume ilikuwa ya kijani.

"Nani alikuambia imekufa?"

"Inaonekana, maman."

"Inaonekana wapi? Mimi naona taa mbili, zote kijani. Papa Didier, we unaona rangi gani?"

Didier alikuja, akainama, akavaa miwani. "Kijani," alisema, na kicheko chake kilikuwa kimekwisha.

Tournevis ya Xavier ilisimama. "Ni... ni kwa sauti, maman. Mimi nasikiaka machine kwa sauti."

"Vizuri. Tuisikilize wote. Ondoka pale kidogo. Steve, mutu asitoke."

Kulthumu alipitisha mkono nyuma ya sanduku. Upande wa kushoto, upepo wa moto ulimgonga kiganjani, wenye nguvu, bila kupumzika. Akausogeza kuume. Hakuna. Chuma kilikuwa kimetulia. Akapapasa na kukuta wavu wa tundu la ventilateur, na nyuma ya wavu, badala ya mapanga ya kuzunguka, kitu laini, gundi ya plastiki iliyobandikwa kutoka ndani.

"Kamba ya batterie ni gani?"

Didier akaonyesha: ile nyeusi, upande wa kuume. Kulthumu akaishika, akaivuta. Ikatoka. Akaiinua juu mbele ya macho yao wote, mkia wake ukining'inia hewani.

Taa ya kuume iliendelea kuwaka kijani.

Ventilateur ya kushoto ilinguruma peke yake.

"Haina kamba," alisema Didier. "Inakula wapi?"

"Inakula kwa ndugu yake. Mutu alifungua hii boîte, akatoa matumbo ya alimentation ya kuume, akafunga waya ndogo kutoka ya kushoto, juu taa iwake na watu walale. Kwa hiyo courant ya muji ilipoenda siku ya nne, zote mbili zilikufa pamoya. Na kamera zikakufa."

"Ulrich!" Didier alipiga ukuta kwa kiganja. "Si nilisema? Nani mwingine anajua kazi hii hapa? Ni yeye aliifunga, ni yeye aliiharibu!"

Xavier alitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayemsikitikia kijana wa watu. Kulthumu aliona jasho limeanza kumtoka juu ya masharubu. Lakini jasho si ushahidi, na chumba kilikuwa na joto. Neno la Didier lilikuwa na uzito wake: kazi hii ilihitaji mkono wa fundi, na fundi alikuwa cachot. Kama angeishia hapa, angekuwa amemfunga Ulrich kwa kamba ya pili. Saa ilikuwa nane na nusu.

"Cahier ya machine iko wapi?"

Ilikuwa imening'inizwa kwa uzi kwenye msumari nyuma ya mlango, daftari la shule lenye jalada la bluu. Kulthumu alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akamkabidhi Didier.

"Soma wewe, patron. Kwa sauti."

Didier akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. "'Mercredi, siku ya tatu, saa mbili asubuhi. Ventilateur ya kuume haizunguke. Taa ni ya kijani. Sielewe. Naomba ruhusa niifungue leo. Ulrich.'" Akafuata mstari kwa kidole. "Chini yake: 'Vu, nimeona. Usiguse, ngojea siku ya tano.' Na sahihi."

"Sahihi ya nani?"

Didier aligeuka, akamtazama Xavier.

"Mutu anaharibu machine kwa siri," alisema Kulthumu, "halafu anaandika mu cahier kama imeharibika, na anaomba ruhusa ya kuifungua mbele ya kila mutu? Papa Xavier, ulimuambia angojee siku ya tano. Siku ya nne njo or ilipotea. Leo unataka kuipeleka Goma."

"Mimi nilikuwa ku jenereta. Bruno alinishuhudia."

"Bruno aliyekamatwa Kavumu."

Alilisema taratibu, maana alikuwa akijiambia mwenyewe pia. Tangu Ijumaa alikuwa na mlinzi mwongo ndani, na hakurudi hata mara moja kuuliza yule mlinzi alikuwa amemsafisha nani. Alikuwa dukani, anapasua magunia.

"Nilisomea électricité, mambo ya umeme," Xavier alisema, sauti imeanza kupanda, "haina maana mimi ni muizi! Kila mutu anasema alimentation!"

"Nani alikuuliza juu ya ile neno?"

Mkono wa Xavier ulikuwa umeikaza tournevis hadi vifundo vikawa vyeupe. Steve alisogea hatua moja.

"Sikutaja ujumbe wa Bruno mbele ya mutu yeyote hapa," alisema Kulthumu. "Hata mbele ya patron. Ulrich yeye anaita pawa saplai. Nimetoka kumusikia sasa hivi. Ile neno yako hata haiko mu kinywa yake. Fungua boîte, papa."

"Ikifunguliwa garantie ya kiwanda inakufa."

Kulthumu alinyoosha mkono, kiganja wazi, akangoja. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyopenda. Mwishowe tournevis iliwekwa kiganjani mwake, ya moto na yenye unyevu.

Aliifungua mwenyewe. Kifuniko kilitoka kwa urahisi. Skrubu zake zilikuwa zimeshafunguliwa na kufungwa si zamani. Upande wa kushoto ulijaa vitu, nyaya, koili, vyuma vya kupozea. Upande wa kuume lilikuwa ganda tupu, na ndani ya ganda, vimefungwa vizuri kwa mpira wa tairi la baiskeli ili visigongane, vipande vitatu. Kulthumu alikiinua kimoja. Kilikuwa kidogo, na mkono wake ulishuka kwa uzito wake.

Didier akaketi sakafuni, palepale, na suti yake.

"Sikufanya peke yangu," alisema Xavier kwa sauti ndogo.

"Najua. Utanieleza. Lakini kwanza kuna mutu ananingojea."

*

Alipiga simu kituoni mara nne. Mtandao ulikataa mara nne. Alimwachia Didier na askari wa pili mtu wao pamoja na mzigo wao, akaingia garini na Steve, na foleni ya Place Nyawera ikawapokea: malori, pikipiki, na msafara wa harusi uliokuwa ukipiga honi kwa furaha. Kulthumu aliwachukia maharusi wale kwa moyo wake wote.

Walifika saa kumi kasoro dakika mbili. Gari la parquet lilikuwa uani, injini inawaka. Nyuma, juu ya benchi, wanaume watano walikuwa wameketi wamebanana, na Ulrich alikuwa wa mwisho.

"Zima gari!" Kulthumu alipaza sauti kabla hajashuka. "Ule wa mwisho anabaki!"

Askari mkuu wa gari la parquet alitaka karatasi. Alikuwa na haki. Kulthumu aliiandika palepale juu ya boneti ya gari, maneno yakiruka kwa mtikisiko wa injini, akataja namba ya kesi, akataja dhahabu ilipokutwa, akatia sahihi, akagonga muhuri. Yule mtu aliisoma mara mbili, akakuna kidevu, akafungua mlango wa nyuma.

Ulrich alishuka taratibu. Alisimama kwenye vumbi akipepesa macho.

"Ilikuwa upande wa kuume?" aliuliza.

"Upande wa kuume. Matumbo yote balitoa."

"Nilijua," alisema Ulrich, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Haikuwa inapumua."

Kulthumu alimsogezea karatasi ya kuachiliwa na kalamu. "Sahihi yako hapa, halafu uende nyumbani."

Ulrich hakuipokea kalamu. Alileta mkono wa kuume polepole kutoka nyuma ya mgongo. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vilikuwa vimevimba vikawa vyeusi, havikunjiki. Mkono uleule anaoutumia kushika waya nyembamba kama unywele.

"Nani alifanya hivi?" aliuliza Kulthumu.

Steve, aliyekuwa amesimama nyuma yake tangu walipofika, akaangalia viatu vyake.

Ulrich hakumtazama Steve. Alimtazama Kulthumu.

"Balikuwa banaendelea kuuliza duka ya mbili iko na or wapi, maman," alisema. "Njo ile ulibatuma baulize."

Kulthumu alibaki na kalamu mkononi. Ulrich alichovya dole gumba la kushoto kwenye wino wa muhuri, akalikandamiza chini ya karatasi, karibu kabisa na jina la Kulthumu.